Wino wa Kwanza kwa Kalamu ya Zamani: Pelikan, Waterman na Quink Kwenye Joto la Lamu

Kama kalamu yako ya wino ni ya kifuko cha mpira na ina wenzo ubavuni wa kuvutia wino, nunua wino wa Pelikan 4001 Royal Blue. Kama ni Parker 51, au nyingine yoyote ambayo nibu yake, yaani ncha ya kuandikia, imejificha na huandika kwa ukavu, nunua Waterman Serenity Blue. Zote mbili zikikosekana na duka la vifaa vya shule lina Parker Quink ya buluu tu, ichukue na usijute. Chupa nyingine zote, hata zile nzuri kweli, zingoje zamu yake. Hiyo ndiyo hukumu yetu. Sababu zake tunazieleza kwa kirefu kwa kuwa siku moja mwenye duka atakutolea chupa ambayo haimo humu, na hapo utahitaji kuamua mwenyewe.

Kalamu ya zamani haifanani na kalamu mpya. Ile Parker 51 iliyoanza kuuzwa 1941, Parker 45 ya 1960, Conway Stewart na Platignum za Uingereza, Esterbrook ya Marekani au Hero ya Shanghai, ikitoka kwenye kasha la mzee huwa na mambo mawili usiyoyajua: wino gani umekaukia ndani, na mpira wake umebaki na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo wino wa kwanza ni wa kuipima kalamu. Unatakiwa utoke wote kwa maji matupu, usiache doa kwenye mwili wa kalamu, na usiule mpira wala chuma. Uzuri wa rangi unakuja baada ya hayo. Wanaoanza huuliza utaonekanaje ukishaandikwa, na ni swali la haki, lakini kwa kalamu ya miaka sabini swali la mwanzo ni utatokaje ukitaka kuuosha.

Kuna jambo la pili ambalo ushauri wa Ulaya hauligusi, nalo ni joto letu. Mnato wa maji kwenye nyuzijoto 30 ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko kwenye nyuzijoto 20, na wino wa kalamu sehemu yake kubwa ni maji. Kalamu inayoandika mstari mwembamba huko kwenye baridi, hapa hutiririka. Ndiyo maana Waterman, ambao kila mshauri wa ng'ambo huupendekeza kwa kuwa ni laini na mwepesi, hatuuweki wa kwanza kwa kila kalamu. Wino mwepesi kwenye kalamu iliyolegea, katika joto la mwezi wa pili, ni kuomba matone.

Tuanze na Pelikan. Royal Blue ya 4001 ni wino mkavu, maana yake hautoki haraka kwenye nibu. Sifa hiyo watu huilalamikia, ila ndiyo inayoufaa mji wetu. Kalamu za wenzo za miaka ya 1930 na 1940 mara nyingi zina fidi pana, yaani kile kipande cheusi cha eboniti (mpira mgumu) kilicho chini ya nibu kinachopeleka wino, na kwa joto hili humwaga kuliko inavyotakiwa. Ukiijaza kalamu ya namna hiyo Royal Blue, mstari unarudi kwenye upana wake. Kwenye karatasi nyepesi za madaftari ya shule, ambapo wino mwingine hutambaa kama mizizi na kutokea upande wa pili, Royal Blue hubaki mahali ulipoiweka. Faida hii huonekana zaidi wakati wa masika, karatasi inapokuwa imenyonya unyevu na kulegea. Kama huandika kila siku, hifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki au bati lenye kifuniko, utaona tofauti bila kubadilisha wino.

Itazame kwa karibu. Mstari ukiwa mbichi ni buluu ya kung'aa. Ukikauka huingiwa na zambarau kidogo. Pale kalamu inapotua na pale inapoinuka rangi hukolea, katikati huwa nyepesi, na mkono wenye mwandiko wa kuunganisha hupendeza sana kwa sababu hiyo. Kidole kikipata doa, sabuni na maji huondoa sehemu kubwa. Kifuko cha mpira kilichokaa na wino huu miezi kadhaa husafishika kwa kujaza na kutoa maji mara chache, na ndani ya kalamu yenye dirisha la kuonea wino hakubaki utando wa rangi. Chupa kubwa ina mililita 62.5, na kalamu ya kifuko huchukua kama mililita moja, basi hesabu mwenyewe itakufikisha wapi.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: maji huufuta. Tone la jasho kutoka kiganjani linatosha kuyeyusha neno, na rasharasha la maji ya chumvi kwenye mashua ya kwenda Mokowe litakuachia ukurasa wa buluu usio na maandishi. Jua nalo huupausha. Usiuandikie hati ya ndoa, mkataba wa shamba, wala anwani ya kifurushi. Kwa daftari la kumbukumbu, barua ya ndani ya bahasha, utenzi unaounakili au hesabu za duka zinazokaa kabatini, unatosha kabisa.

Waterman Serenity Blue, ambao zamani uliitwa Florida Blue, ni wa tabia tofauti. Hutiririka kwa urahisi, na hapo ndipo penye sifa yake kwa Parker 51. Kalamu ile ina nibu iliyofunikwa na kofia ya akriliki, na ndani yake kuna kikusanyaji chenye mapezi membamba yaliyosongamana. Wino mkavu kwenye mapezi hayo, hasa kama bado yana mabaki ya zamani, hukatika katikati ya neno. Waterman hupita. Pia husaidia kulainisha mabaki ya wino uliokauka, kwa hiyo usishtuke kurasa za mwanzo zikitoka na rangi isiyo yake, nyeusi kidogo au kijani. Ni wino wa mwenye kalamu wa kwanza unaotoka. Chupa ni ya mililita 50 na imechongwa pande, ili wino ukikaribia kwisha uilaze kwa ubavu na nibu ifike kwenye kilichobaki. Ni jambo dogo, lakini aliyelifikiria alikuwa mtu wa kuandika.

Kwa kalamu inayovuja, Waterman huzidisha. Na kwa karatasi duni hupenya. Pia usichanganye Serenity Blue na Mysterious Blue ya kampuni hiyohiyo: ya pili ni salama vilevile, ila rangi yake ikikaa huelekea ukijani, na mtu aliyetarajia buluu iliyokoza atadhani ameuziwa wino ulioharibika.

Quink tunaiweka ya tatu kwa sababu moja tu: aina zake zinatofautiana. Parker waliitoa 1931, jina lake likitokana na wino unaokauka haraka, na hadi leo ndiyo chupa yenye uwezekano mkubwa wa kuikuta Malindi au Mombasa bila kuagiza. Ina mililita 57. Buluu yake ni tulivu, si ya kusisimua, na huoshwa bila shida. Nyeusi yake inafaa pia, ila ijue: si nyeusi ya makaa. Dondoshea maji juu ya mstari wake utaona rangi zinagawanyika. Kwa kuanza chukua buluu, kwa kuwa nyeusi yoyote hukuficha hali ya ndani ya kalamu. Ukiosha hutajua kama weusi unaotoka ni wa jana au wa mwenye kalamu wa awali.

Diamine wa Liverpool, kampuni ya tangu 1864, hutengeneza rangi nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza, na chupa yao ndogo ya mililita 30 inavutia anayeanza. Buluu zao nyepesi hazina neno. Nyekundu, zambarau na zile zilizokolea sana ziache kwanza, za Diamine na za yeyote yule. Rangi nyekundu hung'ang'ania seluloidi, plastiki ya kalamu nyingi za kale, na kwenye Vacumatic, ile Parker ya 1933 yenye mistari ya kuonea ndani, ikishaingia haitoki tena. Rangi zilizokolea mno pia zimeshukiwa kwa muda mrefu kulainisha vifuko vya mpira hadi vikawa kama gundi. Kifuko si kitu cha bei, lakini fundi wa kukibadilisha Lamu humpati kila kona.

Sasa tuseme wazi kuhusu wino ambao haufai kamwe, kwa sababu hapa kwetu hatari yake ni kubwa kuliko sehemu nyingine.

Lamu ni mji wa kalamu ya tete. Msikiti wa Riyadha una hazina ya miswada, na Siyu ilijulikana kwa wanakili wa Qur'ani. Wino wa kazi hiyo ni wa masizi na gundi ya mgunga: chembe nyeusi zisizoyeyuka, zikishikwa na gundi ili zikae juu ya karatasi. Kwa tete ni wino bora, hauchujuki na haupauki. Kwa kalamu ya kujaza ni maangamizi. Maji yakikauka kwenye fidi, gundi hufunga chembe zile ndani ya mifereji ambayo upana wake ni sawa na wa unywele, na maji hayatazitoa. Hali ni hiyo kwa wino wa Kihindi wa michoro, ambao badala ya gundi una shelaki. Katika nyumba yenye mwandika hati za Kiarabu na mwenye kalamu ya zamani, chupa mbili hizi zisikae rafu moja. Funga uzi mwekundu shingoni mwa ile ya tete kama wote mnaziona ni nyeusi tu.

La pili ni wino wa mhuri. Ukisema dukani "nipe chupa ya wino" utapewa huo, maana ndio unaonunuliwa na maofisi kila siku. Una glisirini au mafuta ili usikauke kwenye sponji, na kwenye kalamu hautiririki wala hauoshwi kwa maji. Sema hivi: "Naomba wino wa kalamu ya kujaza, ile ya nibu, si wa mhuri na si wa printa." Kisha soma chupa mwenyewe. Kama haikutaja kalamu ya wino popote, irudishe kwa adabu.

Wino wenye vumbi la dhahabu au fedha, kama baadhi ya zile za J. Herbin, ni wa kupendeza na si wa kalamu ya kale. Vumbi hutulia chini na kuziba. Na chupa ya zamani iliyokaa dukani tangu enzi za baba wa mwenye duka, iache kama ina utando juu, mashapo chini yasiyoyeyuka ukiitikisa, au harufu ya uvundo. Ukungu ukiingia kwenye fidi hufuata kila chupa utakayochovya baadaye. Zaidi ya yote, ukiona jina Superchrome, usiguse. Parker waliitoa 1947 kwa ajili ya 51. Ilikuwa na alkali kali na alkoholi, na iliharibu kalamu za watu. Kwenye mrija wa chuma wa baadhi ya 51 bado kumechongwa maelekezo ya kuutumia wino huo. Maelekezo ya kujaza yaliyo hapo ni sahihi, hilo la wino lipuuze.

Watu wa hati za kudumu huuliza wino wa chuma. Ni haki yao kuuliza. Wino huu hutengenezwa kwa salfeti ya chuma na tanini, jamaa ya ile iliyo kwenye gome la mkandaa, na ukikutana na hewa hugeuka mweusi ndani ya nyuzi za karatasi, hata maji hayautoi. Uingereza ndio uliotumika kwenye daftari za ndoa na vizazi, na Diamine bado wanautengeneza kwa jina la Registrar's. Pelikan 4001 Blue-Black nao una chuma kidogo. Tatizo ni kwamba mgeuko ule ule hutokea ndani ya kalamu iliyoachwa wiki mbili, na mashapo yake ni magumu. Pia una asidi: nibu ya dhahabu ya karati 14 huistahimili, nibu ya chuma ya Esterbrook au Hero huliwa ncha. Kwa hati inayohitaji kudumu, nunua kalamu mpya ya bei nafuu, itie wino wa chuma, ioshe kila wiki, na uiache ile ya babu kwa maandishi mengine.

Sasa kujaza kwa mara ya kwanza. Kabla ya wino ni maji, na maji yetu yanahitaji maelezo.

Visima vya Lamu hutegemea mvua iliyohifadhiwa na matuta ya mchanga wa Shela, na kiangazi kikirefuka chumvi huongezeka. Chumvi hiyo ikikauka kwenye fidi huacha fuwele, na kwenye nibu ya chuma huanzisha kutu. Malindi maji hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na ni afadhali kwa kunywa, lakini kwa suuza ya mwisho bado hatuyashauri. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo ni mazuri, ukiyachuja kwa kitambaa. Yasipokuwepo, nenda kituo cha petroli ununue maji ya betri, na hapa fungua macho: kuna maji yaliyosafishwa kwa mvuke, na kuna asidi ya betri, na wauzaji wengine huita vyote viwili kwa jina moja. Asidi itakuchoma mkono na kuila kalamu. Soma chupa, uliza mara mbili, na kama lebo haisomeki usinunue.

Itikise kalamu sikioni kabla ya kuinua wenzo. Ukisikia vipande vikigongana, kifuko kimekauka na kuvunjika. Ukiinua wenzo na ukahisi ugumu kama unasukuma mbao, acha papo hapo. Ukilazimisha utapasua mwili wa kalamu au kupinda upapi wa chuma ulio ndani, ambao kwa hewa ya bahari huenda tayari una kutu. Hiyo ni kazi ya kubadilisha kifuko, na wino wowote usubiri. Parker 51 za kuanzia 1948 zina kifuko cha plastiki angavu ambacho mara nyingi bado ni kizima. Kikiwa kimegeuka kahawia lakini kinabonyea na kurudi, endelea.

Kwa kalamu nzima, chovya nibu kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi joto la maji ya kumwogesha mtoto, ujaze na kutoa hadi yatoke meupe. Maji ya moto hupinda seluloidi na kuigeuza eboniti nyeusi kuwa ya rangi ya mzeituni. Usiiloweke kalamu nzima usiku kucha. Eboniti hupauka, na Conway Stewart za kaseini, plastiki itokanayo na maziwa, hunyonya maji, zikavimba na kupasuka. Loweka nibu na shingo tu, saa chache, maji yasifike kwenye mwili. Kama maji hayabadiliki rangi na bado hayatiririki, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye nusu lita, rudia, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki itafanya wino utambae kwenye karatasi. Jiki usitumie. Spiriti usitumie. Seluloidi huharibika kwa spiriti na kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Baada ya kuosha, isimamishe nibu ikiwa chini ndani ya kikombe chenye karatasi ya shashi, kivulini. Jua la baraza litaikausha upesi na kuiharibu upesi zaidi.

Kisha jaribio ambalo wengi hulikosa: jaza maji, futa nibu, ishike ikiangalia chini juu ya shashi kwa dakika tano. Ikidondosha maji, itadondosha na wino, na hapo chagua Pelikan hata kama ni Parker. Isipodondosha, andika kwa maji juu ya karatasi ya gazeti. Mstari wa maji usiokatika unakuambia fidi iko wazi. Ukikatika kila baada ya maneno mawili, chagua Waterman hata kama kalamu ni ya wenzo. Jaribio hili lina uzito kuliko orodha yoyote ya kalamu na wino, pamoja na hii yetu.

Wakati wa wino, usichovye kwenye chupa kubwa. Mimina mililita tano kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa na kukaushwa, kwani kalamu ambayo hujaijua inaweza kuwa na ukungu ndani, na chupa nzima ikaambukizwa. Nibu izame yote pamoja na tundu lake la hewa. Kwa Parker 51 zamisha kofia ya nibu kama sentimita moja. Inua wenzo polepole, ushushe, kisha subiri hadi kumi kabla ya kuitoa kalamu, maana kifuko hujaa kikirudi kwenye umbo lake, na mwenye haraka hutoka na hewa. Kwa 51 bonyeza ubapa wa chuma ulio kwenye mrija mara nne hadi sita, ukipumzika kati ya kubonyeza na kubonyeza. Dondosha matone mawili yarudi kwenye kichupa, nibu ikiwa bado chini, halafu iinue na uachie ivute hewa kidogo. Hatua hii huitoa fidi kwenye mafuriko, na matone ya ukurasa wa kwanza hupungua.

Juu ya matone kuna maelezo ya kawaida kwamba joto la mkono hutanua hewa iliyo ndani na kusukuma wino. Ni kweli kwa nchi ya baridi, ambapo kalamu huwa na nyuzijoto 18 na mkono 34. Hapa tofauti hiyo ni ndogo, kalamu imeshakuwa na joto kabla hujaishika. Kinachotudondoshea ni jua. Kalamu kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu, ukitembea Mkunguni saa saba mchana, hupanda joto haraka, na ikiwa imebaki robo ya wino basi robo tatu ni hewa inayotanuka. Isafirishe imejaa au tupu, nibu juu. Kwenye ndege ya kutoka Manda kanuni ni hiyo hiyo, ila huko ni mgandamizo wa hewa unaopungua.

Pangaboi nalo lina hesabu yake. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo na upepo ukikupiga mezani, nibu iliyoachwa wazi dakika chache hukauka ncha. Funika unapofikiri. Royal Blue ikikauka huamka kwa kuigusisha kwenye shashi yenye unyevu. Usiitikise, utapaka ukuta.

Kuhusu kuipata. Malindi jaribu maduka ya vitabu na vifaa vya ofisi kwanza, na uombe kuiona chupa kwenye mwanga kabla ya kulipa. Lamu mara nyingi utaagiza, na kifurushi kitapanda basi hadi Mokowe kisha mashua. Mwombe muuzaji afungue kifuniko, azungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko mitatu kwenye meno ya shingo, afunge tena, aitie chupa kwenye mifuko miwili ya plastiki na aandike juu ya boksi upande gani ni wa juu. Ikifika, iache saa moja itulie kabla ya kuifungua, futa shingo, andika mwezi na mwaka kwenye lebo kwa penseli, uirudishe ndani ya boksi lake na kuiweka kabatini mbali na dirisha. Mwanga hupausha wino hata ukiwa ndani ya chupa.